Usiku mmoja na Algol: namna ya kupima nyota badilifu na nyota pacha

Katika daftari langu la kwanza kuna mstari unaosema: "Saa 4. Algol sawa na jirani yake wa chini, labda imefifia kidogo." Niliuandika kwa furaha kubwa, na leo haumsaidii mtu yeyote. Saa 4 ipi? Saa nne ya usiku kwa hesabu yetu ya Kiswahili, ambayo kwenye kioo cha simu ni 22:00, au niliisoma simu ikiwa imeandika 4:00, yaani saa kumi alfajiri? Sikumbuki. Na huyo jirani ni Rho Persei, nyota ambayo nayo mwanga wake hupanda na kushuka, kati ya magnitudi 3.3 na 4.0 (magnitudi ni kipimo cha mwangaza, nitakieleza hapo chini). Nilipima kwa mizani ambayo jiwe lake halitulii.

Huenda usiku ule Algol, nyota pacha ambayo mwenzake huifunika kila baada ya siku chache, ilikuwa katikati ya kupatwa. Siwezi kujua, na hakuna mwingine atakayejua. Ndiyo maana nimeuandika mwongozo huu. Kupima nyota badilifu, yaani zile ambazo mwangaza wake hubadilika, ni kazi ambayo mtu mwenye macho mawili na kalamu bado anaweza kuifanya ikaingia kwenye sayansi, lakini mlango wa kuingilia ni mmoja: rekodi ambayo mtu asiyekujua ataisoma baada ya miaka 50 na kuielewa bila kukuuliza swali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanga wa nyota ni hivyo hivyo. Ukishapita umepita, hakuna wa kuurudisha.

Kwa nini uanze na Algol

Tukubaliane kwanza kuhusu magnitudi. Namba ikiwa ndogo, nyota ina mwangaza zaidi. Tofauti ya magnitudi 5 ni tofauti ya mwanga mara 100 kamili, kwa hiyo magnitudi moja ni kama mara 2.512. Kipimo hicho alikipendekeza Norman Pogson mwaka 1856, nacho ndicho tunachokitumia mpaka leo.

Nyota hubadilika kwa sababu nyingi. Delta Cephei huvimba na kunywea kila siku 5.37, mwangaza wake ukienda kati ya 3.5 na 4.4. Mira nayo huvimba na kunywea, ila kwa utaratibu wa polepole, siku kama 332 kwa mzunguko, na kwenye kina chake hupotea kabisa kwa macho matupu. R Coronae Borealis hukaa miezi au miaka kwenye magnitudi 6, kisha hujifunika vumbi la kaboni ililolitoa yenyewe na kuporomoka hadi karibu 14.

Algol haifanyi lolote kati ya hayo. Ni nyota pacha: moja ni ya moto na angavu, nyingine ni kubwa kidogo kwa umbo lakini baridi na hafifu. Zinazungukana, na sisi tumekaa karibu usawa wa njia yao, basi kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 ile hafifu hupita mbele ya ile angavu. Mwangaza hushuka kutoka 2.1 hadi 3.4 na kurudi, na tukio zima huchukua kama saa 10. Aliyependekeza maelezo haya ni John Goodricke, kijana kiziwi wa Uingereza, mwaka 1783. Alifariki mwaka 1786 akiwa na miaka 21. Ilibidi dunia isubiri hadi 1889, Hermann Vogel alipochunguza spektra ya Algol, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, na kuonyesha kwamba nyota ile kweli inasogea mbele na nyuma kama inavyotakiwa iwapo ina mwenzake.

Naipenda kwa mwanafunzi kwa sababu inajibu ndani ya usiku mmoja. Mira itakutaka subira ya miezi kabla hujaona kama unapima sawasawa. Algol itakuonyesha kati ya magharibi na usiku wa manane. Kama uko kusini sana mwa dunia na Algol haipandi vizuri, tumia Zeta Phoenicis, yenye mzunguko wa siku 1.67 na mwangaza kati ya 3.9 na 4.4, au Delta Librae, inayoshuka kutoka 4.9 hadi 5.9 kila siku 2.33. Hii ya pili itahitaji darubini ya macho mawili.

Kabla hujatoka nje

Chukua ramani ya nyota yenye magnitudi za nyota za kulinganishia. AAVSO, chama cha watazamaji wa nyota badilifu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, hukutengenezea ramani bure kwenye tovuti yake. Unaandika jina la nyota, inakupa picha yenye namba. Usishangae ukiona 21, 30, 34 bila nukta. Nukta imeondolewa makusudi ili usiidhanie kuwa nyota. 34 maana yake ni 3.4. Ramani ina alama yake ya utambulisho pembeni. Inakili kwenye daftari, kwa kuwa magnitudi za nyota za kulinganishia husahihishwa mara kwa mara na msomaji wa baadaye atataka kujua ulitumia toleo lipi.

Kwa Algol mimi hutumia Almach yenye 2.1, Beta Trianguli yenye 3.0, Alpha Trianguli yenye 3.4 na Kappa Persei yenye 3.8. Rho Persei nimeizungushia duara jekundu kwenye ramani yangu ili jicho lisiiendee. Iko karibu mno na inatamanisha.

Kisha tafuta utabiri wa saa ya mwangaza wa chini kabisa. VSX, orodha ya nyota badilifu inayotunzwa na AAVSO hiyo hiyo, hukupa tarehe ya kuanzia, yaani saa ya chini kabisa iliyokwisha kupimwa, pamoja na mzunguko, nawe unajumlisha mwenyewe. Chagua usiku ambao saa hiyo itaangukia wakati Algol iko juu, na uwe na angalau saa mbili kabla na mbili baada. Kwa sababu mzunguko umepungua siku tatu kamili kwa saa 3 na dakika 11, tukio hurudi baada ya siku tatu likiwa limewahi kwa muda huo. Likiangukia alfajiri leo, siku tatu baadaye litakuwa usiku wa manane, kisha jioni, kisha litazama kwenye mchana na utasubiri lizunguke tena.

Sasa suala la saa, ambalo kwetu tunaosema Kiswahili lina mtego wa ziada. Ukiandika "saa tatu", msomaji hatajua kama ni 21:00 au 3:00. Andika kila kitu kwa mtindo wa saa 24 na kwa Saa ya Dunia, ile UT, yaani saa ya Greenwich, kisha juu ya ukurasa uandike UT kwa herufi kubwa. Mimi nina saa ya mkononi ambayo kazi yake ni hiyo tu, imewekwa UT, na huilinganisha na intaneti kila ninapotoka. Sifanyi hesabu ya kubadilisha saa nikiwa nje gizani. Hesabu za gizani zimeniharibia kurasa nyingi.

Mwisho, tochi nyekundu yenye mwanga mdogo, na dakika 20 za kuzoea giza. Simu ikae mfukoni.

Jicho linavyopima

Jicho halijui magnitudi. Linachojua ni kulinganisha: hii inaishinda ile, au zimelingana. Kwa hiyo kazi yako ni kutafuta nyota moja inayoishinda Algol kidogo na moja inayoshindwa nayo, halafu kuuliza: kwenye njia ya kutoka angavu kwenda hafifu, Algol imesimama wapi?

Tuseme Almach inaishinda na Beta Trianguli inashindwa. Pengo kati yao ni 3.0 ukitoa 2.1, yaani 0.9. Ukiona Algol iko theluthi mbili za njia, theluthi mbili za 0.9 ni 0.6, na 2.1 ukijumlisha 0.6 ni 2.7. Andika yote: nyota ulizotumia, sehemu ya njia, kisha jibu. Ukiandika 2.7 peke yake, siku Almach itakapopewa magnitudi mpya kipimo chako hakitasahihishika.

Kuna mambo yanayolidanganya jicho, nami nimedanganywa na yote. Nyota iliyo chini karibu na upeo wa macho hupoteza mwanga kwenye hewa nene. Ikiwa moja ya nyota zako iko juu na nyingine iko chini, unapima hewa. Tafuta nyota za kimo kimoja, au subiri. Nyota nyekundu kama Mira au Betelgeuse ukizikodolea macho huongezeka mwangaza ndani ya jicho lako ilhali angani hazijabadilika. Zitazame kwa kutupa jicho haraka, huku na kule, usitulie. Ukitumia darubini ya macho mawili, iharibu fokasi kidogo ili nyota ziwe vidoa vidogo. Vidoa ni rahisi kulinganisha kuliko ncha za mwanga. Na uzilete nyota katikati ya uwanja moja moja, kwa maana pembeni mwangaza hupungua.

Mdanganyifu mkubwa kuliko wote ni matarajio. Ukijua kwamba saa 21:40 ndiyo itakuwa chini kabisa, utaiona ikishuka hata kama haishuki. Mimi nikishamaliza kipimo hukifunika kwa karatasi, na sifunui hadi kazi iishe. Na saa ya utabiri naijua kwa ukaribu tu: huitazama siku mbili kabla ili nipange usiku wangu, halafu siiandiki popote ninapoweza kuiona.

Usiku wenyewe

Nitakupitisha kwenye usiku mmoja kutoka daftari langu la tatu, maana ndio usiku nilioelewa kazi hii.

Nilianza 18:10 UT. Algol ilikuwa 2.3, karibu sana na Almach, na ilinibidi nizunguke kati yao mara nne kabla sijakubali kwamba Almach inashinda. Nilipima kila baada ya dakika 15. Kwa saa nzima ya kwanza nilidhani nimekosea usiku, kwa sababu mteremko ulikuwa mdogo mno: 2.3, 2.3, 2.4, 2.3, 2.5. Ile 2.3 iliyorudi katikati niliiandika ilivyo. Sikuirekebisha, wala wewe usirekebishe yako. Jicho hukosea kwa moja au mbili za kumi, na vipimo vingi vyenye makosa ya kweli hutoa jibu jema kuliko vichache vilivyonyooshwa.

Baada ya 19:30 ikaanza kuporomoka. Saa 19:40 ilikuwa 2.7. Saa 20:25 ikawa sawa na Beta Trianguli kabisa. Saa 20:40 ilikuwa 3.1, na hapo hata mtu asiyejua kitu angetazama juu na kusema kuna nyota imepungua. Umbo lote la kundinyota la Farisi, Perseus kwenye ramani nyingi, lilikuwa limebadilika, kama uso wa mtu aliyefumba jicho moja. Jina la Algol limetoka kwenye Kiarabu, ras al-ghul, kichwa cha zimwi, na usiku ule nilielewa wanaosema labda watu wa kale walikuwa wameliona jicho hilo likifumba.

Kuanzia 21:20 hadi 22:00 ilikaa kati ya 3.3 na 3.4, ikilingana na Alpha Trianguli. Ukungu mwembamba ulipita saa 21:45, nyota zote zikafifia pamoja. Hapo ndipo utaona faida ya kulinganisha: ukungu ukizifunika sawasawa, hesabu haiharibiki. Niliandika "ukungu" pembeni na nikaendelea. Saa 22:40 ilikuwa imerudi 3.1, na 23:40 ikawa 2.7. Niliacha 00:10.

Kupata saa ya chini kabisa

Usichague kipimo chenye namba kubwa ukasema hiyo ndiyo saa. Chini pale grafu ni bapa na jicho halioni tofauti. Saa nzuri hupatikana kwenye miteremko, mahali mwangaza unabadilika haraka.

Chora grafu: saa kwa ulalo, magnitudi kwa wima, namba ndogo juu. Pitisha mstari laini katikati ya vidoa, kwa mkono, bila kulazimisha upite kwenye kila kimoja. Kisha chagua magnitudi moja na usome mstari uliivuka saa ngapi ukishuka na saa ngapi ukipanda. Usiku wangu ulitoa hivi: 2.7 ilivukwa 19:38 na 23:44, katikati yake ni 21:41. 2.9 ilivukwa 20:10 na 23:14, katikati ni 21:42. 3.0 ilivukwa 20:24 na 22:52, katikati ni 21:38. Wastani wa hizo tatu ni 21:40. Zinavyotofautiana, dakika mbili hivi huku na huku, hukupa picha ya kwanza ya kosa lako, ingawa kwa macho mimi hujihesabia dakika 5 hadi 10.

Halafu kuna mwendo wa dunia. Mwanga huchukua sekunde 499 kutoka kwenye Jua hadi kwetu. Miezi ambayo sisi tuko upande wa Jua ulio karibu na Algol, tukio hutufikia mapema. Nusu mwaka baadaye hutufikia kwa kuchelewa, kwa karibu dakika 8 kila upande. Ndiyo maana saa za nyota pacha husahihishwa ziwe kama zingeonekana kutoka kwenye Jua. Programu itakufanyia hesabu hiyo, ila andika wazi kama umesahihisha au la. Rekodi iliyosahihishwa mara mbili ni mbaya kuliko isiyosahihishwa.

Wataalamu huandika saa kwa Siku ya Julian, hesabu ya siku mfululizo isiyojali miezi wala miaka. Siku hiyo huanza saa sita mchana UT, ili usiku wa mtazamaji wa Ulaya usikatwe vipande viwili. Tarehe 1 Januari 2000 saa 12:00 UT ilikuwa 2451545.0. Basi 21:40 ya siku hiyo ni saa 9 na dakika 40 baadaye. Gawa kwa 24 upate 0.403, na jibu ni 2451545.403.

Kwa nini dakika hizi zina maana? Algol huzunguka kama mara 127 kwa mwaka. Kama mzunguko tulionao vitabuni umekosea kwa sekunde moja tu, baada ya mwaka utabiri utakuwa umepotoka sekunde 127, na baada ya miaka 10 dakika 21. Dakika 21 jicho linaziona! Ndivyo mtu asiye na mashine yoyote anavyoweza kupima sekunde, kwa kuachia miaka imfanyie kazi. Unatoa saa iliyotabiriwa kutoka kwenye saa uliyoona, unaweka tofauti hiyo kwenye grafu mwaka baada ya mwaka. Mstari ukilala, mzunguko uko sawa. Ukipinda, gesi inahama kutoka nyota moja kwenda nyingine, au kuna nyota ya tatu inayovuta mfumo mzima huku na kule. Algol yenyewe inayo nyota ya tatu, inayozunguka kwa siku kama 680.

Vipimo vya usiku tofauti unaweza kuvikunja viwe mzunguko mmoja. Hesabu siku zilizopita tangu tarehe ya kuanzia, gawa kwa mzunguko, acha namba nzima, baki na desimali. Siku 100 kwa 2.8673 ni 34.876, kwa hiyo kipimo kile kiko kwenye 0.876 ya mzunguko. Nilipokunja mwaka wangu wa kwanza wa vipimo vya Algol, vidoa vilivyokuwa vimetawanyika vikajipanga vikachora bonde. Nilikaa nikilitazama bonde lile muda mrefu.

Ukitaka kutumia kamera

Kamera ya lenzi ya milimita 50 kwenye stendi ya miguu mitatu itakupa usahihi wa mia chache za magnitudi. Piga faili ghafi, usipige zile zilizobanwa. ISO, yaani kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga, iwe ndogo, 200 au hata 100. Mwanga uingie sekunde 4 au 5. Haribu fokasi kidogo ili nyota isambae kwenye pikseli nyingi, na hakikisha hakuna pikseli iliyojaa. Mimi huishia nusu ya uwezo wake. Nyota iliyojaza pikseli ni kikombe kilichofurika, hakisemi tena kimetiwa kiasi gani.

Piga picha 10 kila mara, pamoja na picha za giza kwa kufunika lenzi, na picha za anga jeupe la jioni kwa ajili ya kusahihisha kingo. Kwenye programu ya kupimia, mimi hutumia AstroImageJ ambayo ni ya bure, chukua pikseli za kijani, maana ndizo zilizo karibu na V, kipimo cha kawaida cha wanaastronomia kwa mwanga wa kijani na manjano. Weka duara kwenye nyota na pete ya anga kuizunguka, toa mwanga wa anga, linganisha.

Usiache nyota ya kuhakikishia. Hiyo ni nyota ya tatu, isiyobadilika, unayoipima kana kwamba ni badilifu. Ikiyumba kwa 0.03 usiku kucha, kosa lako halipungui 0.03, hata programu ikuambie 0.005.

Na saa ya kamera. Saa za kamera hukimbia au kuchelewa. Mwanzo na mwisho wa kila usiku mimi hupiga picha ya kioo cha simu kinachoonyesha UT kwa sekunde, basi nikiwa mezani najua kamera ilipotoka kiasi gani. Niliwahi kuutupa usiku mzima wa W Ursae Majoris, nyota pacha zilizogusana zinazozungukana kwa saa 8 tu, kwa sababu saa ya kamera ilikuwa imepotoka na sikuwa na namna ya kujua kwa dakika ngapi.

Nyota za kufuatilia miaka

Zisizo na haraka hazihitaji usiku mzima. Mira itazame mara moja kwa wiki au siku 10. Ukiipima kila usiku utaanza kukariri kipimo cha jana. SS Cygni ni kinyume: hulala kwenye magnitudi 12 na kuruka hadi 8 bila taarifa, kwa hiyo kila usiku ulio wazi ni halali yake. T Coronae Borealis ilizuka mwaka 1866, ikazuka tena 1946, ikitoka magnitudi 10 hadi karibu 2. Mimi huielekea kwanza kila nikitoka.

Usiku ambao hukuiona nyota nao ni kipimo. Andika alama < na magnitudi ya nyota hafifu kuliko zote uliyoweza kuiona mahali pale. "<9.8" ya usiku mmoja kabla ya mlipuko ndiyo inayofunga saa ya mlipuko.

Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse, vitabu vingine vya Kiswahili huiita Ibuti la Jauza, ilianza kufifia, na Februari 2020 ikafika karibu 1.6. Nilipoiona imelingana na jirani yake Bellatrix niliingia ndani, nikakaa dakika kumi, nikatoka tena kuitazama upya kabla ya kuandika. Ilikuwa bado imelingana. Vipimo vyako vya usiku kama huo, ukiwa na namba ya mtazamaji ya AAVSO, huvituma kwa fomu fupi: jina la nyota, Siku ya Julian, magnitudi, nyota ulizotumia, alama ya ramani. Tuma hata kama chako kinapingana na cha wengine, ila kwanza hakikisha uliitazama nyota yenyewe.

Pacha wanaotenganishwa na darubini

Zipo nyota pacha ambazo darubini huzitenga, na hapo unapima vitu viwili: umbali kati yao kwa sekunde za tao (nyuzi moja ina sekunde 3,600), na mwelekeo wa ile hafifu kutoka kwa angavu, kwa nyuzi kuanzia kaskazini kupitia mashariki. Darubini yenye kipenyo cha milimita 100 hutenga hadi kama sekunde 1.16, gawa 116 kwa kipenyo chako upate kikomo chako.

Utahitaji kitundu cha jicho chenye rula ndani. Kujua kila mstari wa rula ni sekunde ngapi, zima mota inayoifuatisha darubini na nyota, na uache nyota iteleze kutoka mwanzo hadi mwisho wa rula ukihesabu muda. Nyota huteleza sekunde za tao 15.04 kwa kila sekunde, mara kosaini ya latitudo yake ya anga. Nyota iliyo kwenye nyuzi 60 ina kosaini 0.5, ikichukua sekunde 40, rula ni sekunde za tao 301, na kama ina mistari 50, kila mmoja ni kama sekunde 6.0. Rudia mara 15 au 20, uchukue wastani. Fanyia mazoezi Albireo, ambayo umbali kati ya nyota zake ni kama sekunde 35.

Mabadiliko ya pacha hawa ni ya umri wa mtu. Gamma Virginis huzungukana kwa miaka 169 na zilikaribiana kabisa mwaka 2005. Alpha Centauri ni kama miaka 80, na wastani wa umbali wao ni mara 23.4 ya umbali wa dunia na Jua. Kwa sheria ya Kepler, inayounganisha umbali, muda na uzito, zidisha 23.4 kwa 23.4 kwa 23.4 upate kama 12,800, zidisha 80 kwa 80 upate 6,400, gawa. Jibu ni 2: uzito wa nyota zile mbili kwa pamoja ni kama Jua mara mbili. Karibu kila tunachokijua kuhusu uzito wa nyota kilianza na watu waliopima umbali na mwelekeo namna hii, kisha wakawaachia wengine wamalizie mzunguko.

Ule mstari wa "saa 4" sikuufuta wala sikuutuma. Usiku wa 21:40 niliutuma. Baada ya kuutuma nikajumlisha siku 2, saa 20 na dakika 49, nikapata 18:29 UT siku ya tatu, nikaandika kwenye ukurasa mpya majina ya nyota nne za kulinganishia na herufi mbili juu, UT.